Mashahidi na Haraka

Katika maswali ambayo wanadamu wameyarithi tangu walipoanza kukopeshana, moja halijapata jawabu la kuwaridhisha wote: jambo lililotendeka baina ya watu wawili lishuhudiwe na wangapi ndipo lihesabiwe kuwa kweli? Akishuhudia mmoja, huenda akanunuliwa. Wakishuhudia wote, kazi ya soko itasimama. Baina ya ncha hizi mbili kila jamii imejitafutia mahali pa kusimama, na mara nyingi mahali hapo pamechaguliwa na mazoea kuliko fikira. Katika miaka ya karibuni swali hili limerudi kwa vazi jipya, katika elimu ya madaftari ya kompyuta yaitwayo blokicheni, na waliolirudisha ni mafundi ambao aghalabu hudhani kwamba wanashughulika na mwendo wa mashine tu. Wao huuliza jinsi ya kuliwezesha daftari lishikwalo na maelfu ya watu kuandika miamala mingi kwa muda mfupi, na jawabu wanalolipendelea ni kuigawa kazi ya uandishi mahali pengi. Swali lao ni la ufundi. Lakini ndani yake limo swali la haki, nalo lafaa kuchunguzwe mahali ambapo watu wamelijua kwa muda mrefu.

Mahali pamoja pa namna hiyo ni Sirari, mji wa mpakani katika wilaya ya Tarime, mkoa wa Mara. Barabara kuu itokayo Mwanza na Musoma hukoma hapo kwa upande wa Tanzania, na hatua chache mbele yaanza Isebania ya Kenya. Mpaka wenyewe haukuchorwa na wenyeji. Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi hizi mwaka 1886 walipiga mstari juu ya karatasi hadi ufuko wa Ziwa Viktoria, na Wakuria wakajikuta wamekuwa raia wa tawala mbili bila ya kuhama nyumba zao. Kwa miaka mingi mstari huo haukuigusa fedha, kwa kuwa shilingi ya Afrika Mashariki ilipokewa pande zote. Mwaka 1966 Tanzania na Kenya zilitoa kila moja shilingi yake. Baada ya muda thamani zikaachana, hata leo Sirari ni mji ambao neno moja, shilingi, lina maana mbili, na wabadilishaji fedha hupata riziki yao katika tofauti hiyo.

Wakuria ni wakulima na wafugaji, na kwao hesabu iliyo nzito kupita zote ni ya ng'ombe wa mahari. Ng'ombe hao hawapokewi kwa siri. Huhesabiwa mbele ya wazee wa upande wa mume na wazee wa upande wa mke, na kila aliyehudhuria huondoka na hesabu kichwani mwake. Ndoa ikivunjika baada ya miaka kumi, hesabu hurudishwa kutoka katika vichwa hivyo. Nguvu ya mpango huu haimo katika wingi wa wazee tu. Imo katika kwamba wamekaa pande mbili zenye faida zinazopingana. Wa upande mmoja angependa ng'ombe waonekane wengi, wa upande wa pili angependa waonekane wachache, na idadi ambayo wote wawili wameikubali yaweza kuaminiwa hata na mgeni. Kadhalika katika iritongo, baraza la hadhara ambamo habari za mifugo iliyoibwa huzungumzwa, ushahidi wa mtu juu ya ndugu yake mwenyewe hupimwa kwa mizani nyingine kuliko ushahidi wa jirani asiye na sehemu katika shauri. Lakini mwanamke anunuaye fungu la mboga sokoni Sirari haiti ukoo. Macho yake na ya mchuuzi yatosha. Jamii hii, kama jamii nyingi, ilikwisha jua bila ya kuandika kitabu kwamba idadi ya mashahidi hufuata uzito wa jambo.

Simu ilipoingia katika biashara ya fedha, baraza la mashahidi lilibadilika kwa namna ambayo haikutangazwa. M-Pesa ilianza Kenya mwezi wa Machi 2007, ikafika Tanzania mwaka 2008, na mwaka 2015 Safaricom ya Kenya na Vodacom ya Tanzania ziliunganisha huduma zao, hata mtu aliye Isebania akaweza kumpelekea fedha aliye Sirari bila ya noti kuvuka mpaka. Faida yake si ya kubishaniwa: mfanyabiashara wa ng'ombe hana haja tena ya kulala na fedha chini ya mto. Walakini daftari ambamo salio la mtu limeandikwa lina mwenyewe mmoja. Wakala katika kibanda chake ana daftari la karatasi ambalo mteja hutia sahihi, lakini hilo ni kivuli. Daftari la kweli li katika seva za kampuni, na mteja hulijua kwa ujumbe mfupi anaoletewa. Ujumbe husema salio ni kiasi fulani, na maneno yamekwisha. Shahidi ni mmoja, naye ndiye mwandishi, naye ndiye mlinzi, naye ndiye apokeaye ada. Haifai kusemwa kwamba shahidi huyu ni mwongo. Kwa jumla amewatumikia watu vizuri, Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 imemwekea mipaka katika Tanzania, na benki kuu humsimamia. Kinachosemwa ni kwamba uaminifu wake hauwezi kuchunguzwa na yule ambaye unamhusu zaidi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema daftari liwe nyumbani mwa nani.

Mwaka 2008 mtu, au kundi la watu, aliyejificha chini ya jina la Satoshi Nakamoto alitoa andiko la kurasa 9, na mwezi wa Januari 2009 daftari la Bitcoin likafunguliwa. Katika daftari hilo kila mwenye kompyuta aweza kushika nakala nzima. Miamala hukusanywa katika mafungu, na kila fungu hubeba alama ya hesabu iliyotokana na fungu lililotangulia. Hivyo mtu akibadili neno moja katika fungu la zamani, alama zote zifuatazo hukosana, na kila mwenye nakala humtambua. Ndiyo maana ya blokicheni, yaani mnyororo wa mafungu. Kwa mfano wa Sirari, ni kana kwamba kila mzee wa kila ukoo, pande zote mbili za mpaka, ameitwa kumhesabu kila ng'ombe wa kila mahari, na kila fungu la mboga pia.

Hapo ndipo taabu ianzapo. Fungu la Bitcoin huandikwa kila baada ya dakika 10 hivi, na ukubwa wake umewekewa kikomo, kwa hiyo daftari zima hupokea miamala isiyozidi 7 hivi kwa sekunde. Kwa siku nzima ni yapata miamala 604,800. Mkoa wa Mara, kwa sensa ya mwaka 2022, una watu zaidi ya milioni 2 na laki 3. Kama kila mmoja wao angefanya muamala mmoja tu kwa siku, daftari hili ambalo dunia nzima huligombea lingehitaji karibu siku 4 kuandika siku moja ya mkoa mmoja. La kustaajabisha ni kwamba kuongeza kompyuta hakuongezi mwendo. Shambani, watu kumi hupalilia zaidi kuliko watu wawili. Katika daftari hili, shahidi wa elfu kumi hurudia hesabu ile ile waliyokwisha fanya wenzake. Huongeza usalama, na mwendo hubaki pale pale.

Wenye Bitcoin waligombana kwa miaka juu ya dawa ya ugonjwa huu. Baadhi walitaka fungu likuzwe ili miamala mingi iingie kwa mara moja. Wengine walijibu kwamba fungu kubwa lataka kompyuta kubwa na intaneti ya kasi, na kwamba kila nyongeza itamwondoa barazani shahidi mwenye mashine ndogo, hata wabaki matajiri wenye majumba ya mashine. Mwezi wa Agosti 2017 wakatengana, na waliotaka fungu kubwa wakaanzisha Bitcoin Cash. Desemba ya mwaka huo huo msongamano ulizidi, na wastani wa ada ya muamala mmoja wa Bitcoin ukapita dola 50. Ugomvi ule ulisimuliwa kama ugomvi wa mafundi na wafanyabiashara, na kwa kiasi kikubwa ulikuwa hivyo. Lakini ndani yake mlikuwa na hoja ya maana. Waliokataa kulikuza fungu walisema kwamba haki ya kushuhudia ambayo gharama yake haimudiki imekwisha nyang'anywa, ijapokuwa hakuna aliyefukuzwa. Maneno haya ni ya kweli. Lakini matokeo ya kukataa kwao yalikuwa kwamba mtu maskini aliachiwa uwezo wa kulisoma daftari, akanyimwa uwezo wa kuandika ndani yake. Alikaribishwa kuwa shahidi wa mali za wengine.

Wengine waliuchagua mwendo bila ya kuona haya. Solana, iliyofunguliwa mwaka 2020, huandika miamala kwa kasi kubwa kwa kuwataka mashahidi wake wawe na mashine zenye nguvu. Tarehe 14 Septemba 2021 ilielemewa, ikasimama kwa muda wa saa 17 hivi. Kwa mchuuzi, saa 17 ni siku nzima ya soko na usiku wake.

Imebaki njia ya kugawa. Vitalik Buterin, mmoja wa waanzilishi wa Ethereum iliyofunguliwa mwaka 2015, alilipa tatizo umbo ambalo wanafunzi hulisoma leo: daftari hutakiwa kuwa na mambo matatu, nayo ni kutawanyika kwa mashahidi, usalama, na wingi wa miamala, kupata mawili ni rahisi, kupata yote matatu ni kazi ngumu. Katika Ethereum palikuwa na mpango wa kulikata daftari vipande 64, kila kipande kikiwa na kundi lake la mashahidi waliochaguliwa kwa bahati nasibu, na makundi yakibadilishwa mara kwa mara wasipate nafasi ya kula njama. Kazi ingefanyika sambamba, na hapo kuongeza mashahidi kungeongeza mwendo kweli kweli. Lakini kila shahidi angeona kipande kimoja, na kwa habari ya vipande 63 vilivyobaki angekuwa mtu wa kuambiwa.

Je, kuna ubaya gani katika kuambiwa? Mtu aweza kusema kwamba shaka hii ni anasa ya wasomi. Mama mwenye duka Sirari hashiki nakala ya daftari lo lote la dunia, wala hana nia ya kuishika. Kwake, mashahidi elfu 10 na mashahidi 10 ni hali moja, maana hawajui wote. Hoja hii ina nguvu kuliko wanavyokiri wapenzi wa Bitcoin. Ushahidi wote mkubwa duniani ni wa uwakilishi. Hata mzee wa ukoo hakuhudhuria kila ndoa ya ukoo wake. Alimwamini mzee mwenzake aliyekuwako. Kama uwakilishi ungekuwa ni dhambi, hapangekuwa na mahakama, wala benki, wala serikali. Basi hukumu haiwezi kutolewa kwa kuhesabu vichwa peke yake. Yapasa kuulizwa wawakilishi ni nani, nani aliwaweka, na aliyewakilishwa afanye nini akidhulumiwa.

Mkasa wa mwaka 2022 waonyesha kwa nini. Kampuni ya Sky Mavis, yenye mchezo wa kompyuta uitwao Axie Infinity ambao wachezaji wake wengi walikuwa watu wa kipato kidogo wa Ufilipino, iliona kwamba ada za Ethereum ni kubwa mno, ikajenga daftari la pembeni liitwalo Ronin. Mashahidi walikuwa 9, na sahihi za 5 zilitosha kuidhinisha utoaji wa mali. Mwezi wa Machi 2022 wezi walizipata funguo 5 wakachukua mali ya thamani ya zaidi ya dola milioni 600, na siku 6 zikapita kabla ya mtu ye yote kugundua. Serikali ya Marekani ilisema baadaye kwamba wezi walikuwa kundi la Korea ya Kaskazini. Watu walishangazwa na ukubwa wa wizi. Ajabu iliyo kubwa zaidi ni kwamba katika funguo zile 5, 4 zilikuwa za Sky Mavis yenyewe, na ya 5 ilikuwa ya chama ambacho miezi michache nyuma kilikuwa kimeipa kampuni hiyo ruhusa ya kutia sahihi kwa niaba yake. Kwa hesabu walikuwa mashahidi 5. Kwa kweli alikuwa mmoja mwenye mihuri 5. Katika posa ya Kikuria mpango wa namna hiyo usingepita hata mlango wa kwanza: wazee watano wa nyumba moja hawafanyi pande mbili.

Ethereum yenyewe iliuacha mpango wa vipande 64 ikashika njia nyingine, na tangu mwaka 2020 tegemeo lake kubwa limekuwa madaftari ya juu. Katika njia hii miamala huandikwa kwanza katika daftari la pili lenye kasi, kisha maelfu yake hukunjwa kuwa furushi moja na kuwekwa katika daftari kuu. Yapo mafurushi ambayo hufuatana na uthibitisho wa kihesabu kwamba yaliyomo ni sahihi. Na yapo mengine ambayo hukubaliwa bila ya kukaguliwa, kwa sharti kwamba kwa muda maalumu, aghalabu siku 7, ye yote aonaye uongo aruhusiwa kusimama na kupinga. Akithibitisha, furushi hukataliwa na mwandishi wake hutakiwa kutozwa.

Wanasheria wa Tanzania watautambua mpango huu mara moja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe siku 21 kabla, ili mwenye pingamizi aseme. Serikali haimwiti kila mtu kuapa kwamba bwana arusi hana kizuizi. Hutangaza, hungoja, na kimya cha walioweza kusema huchukuliwa kuwa ushahidi wao. Hapa pana busara kubwa. Mashahidi wote wamepumzishwa bila ya kufukuzwa. Yatosha mmoja tu mwenye macho kuamka. Kwa njia hii mwendo huongezeka na haki haijauzwa, na katika yote yaliyobuniwa na mafundi hawa hili ndilo linalokaribia zaidi desturi za watu wenye akili.

Lakini kimya huwa ushahidi kwa masharti. Sharti la kwanza ni kwamba tangazo liwekwe mahali linapoweza kusomwa. Mtu hawezi kupinga furushi ambalo halijafunguliwa, na ndiyo sababu mafundi hujitaabisha sana kuhakikisha kwamba maandishi ya miamala yamewekwa hadharani, si muhtasari wake tu. Mabadiliko ya Ethereum ya mwezi wa Machi 2024 yaliyapatia maandishi hayo nafasi ya bei nafuu, ambamo hukaa kwa yapata siku 18 kabla ya kuruhusiwa kufutwa, na ada katika madaftari ya juu zikashuka hadi senti chache. Mafanikio hayo yastahili sifa. Sharti la pili ni zito zaidi: pingamizi lisigharimu kuliko kitu kinachodaiwa. Madaftari mengi ya juu bado huandikwa na kampuni moja moja, na mtu akikataliwa na kampuni hiyo, kimbilio lake ni kupanda hadi daftari kuu na kuitoa mali yake mwenyewe. Huko ada hufuata msongamano. Mwezi wa Mei 2021 wastani wa ada ya muamala mmoja wa Ethereum ulipita dola 50, ambazo kwa thamani ya wakati ule zilikuwa zaidi ya shilingi laki moja za Tanzania. Mwenye dola milioni hulipa ada hiyo bila ya kuhisi. Mwenye shilingi elfu 40 katika simu, ambazo ni mtaji wake wa nyanya wa wiki, ameambiwa kwamba mlango wa rufaa u wazi, na kiingilio chake ni zaidi ya mtaji mara mbili. Tena msongamano huja siku ya hofu, na siku ya hofu ndiyo siku ambayo kila mtu ataka kutoka.

Hapa hesabu ya mafundi na hesabu ya haki hutengana. Fundi hupima usalama wa mfumo kwa jumla ya mali iliyomo, na kama sehemu iliyo kubwa ya mali yaweza kuokolewa, mfumo umefaulu. Kwa kipimo hicho wenye akiba ndogo hawaonekani kabisa, kwa sababu wote pamoja ni sehemu ndogo ya jumla. Lakini wao ndio wengi kwa idadi ya vichwa, nao ndio walioambiwa tangu mwanzo kwamba daftari hili halina bwana. Njia ya Lightning, iliyotumika juu ya Bitcoin tangu mwaka 2018, ina upungufu wa jamaa na huu. Watu wawili huweka fedha katika mfuko wa pamoja, wakapokezana hati baina yao kwa haraka kubwa, na daftari kuu huambiwa mwanzo na mwisho tu. Walakini kila mmoja hana budi kuwa macho, asije mwenzake akapeleka hati ya zamani. Kazi ya kushuhudia imerudishwa kwa wawili wenyewe, kama katika fungu la mboga. Kwa fedha ya mboga ni sawa. Kwa mahari si sawa.

Kuna mfano wa Kenya ambao wafaa kuzingatiwa kuliko mingi ya ng'ambo. Mwezi wa Mei 2013, katika mtaa wa Bangladesh mjini Mombasa, wafanyabiashara wadogo walianza kutumia hati za kubadilishana bidhaa ziitwazo Bangla-Pesa. Waanzilishi walikamatwa, na baadaye mashtaka yakafutwa. Mpango ulikua ukawa Sarafu, chini ya shirika la Grassroots Economics, ukahamia katika blokicheni, na watu wa Kinango na mitaa ya Nairobi wakaitumia kwa simu za kawaida zisizo na intaneti. Kati ya Januari 2020 na Juni 2021 ulikuwa na watumiaji elfu 40 hivi. Miamala ya namna hiyo, ya sukari na unga na kazi ya shamba, isingeweza kulipiwa ada za daftari kuu. Ikawekwa katika mnyororo wa pembeni uitwao xDai, wenye mashahidi wachache na ada ndogo kabisa. Kwa kipimo cha wakali wa Bitcoin ule ulikuwa ushahidi hafifu. Lakini thamani ya hati ile haikutokana na kompyuta. Ilitokana na jirani ambaye angeipokea kesho kwa kibaba cha unga, naye alimjua aliyeitoa, na kosa katika daftari lingejulikana kisimani kabla ya kujulikana katika seva. Wachache wa mashine walisaidiwa na wengi wa kijiji. Daftari lile lile, likitumiwa na watu wasiojuana wa mabara mawili, lingekuwa hatari.

Serikali ya Tanzania imelikaribia jambo hili kwa tahadhari. Mwezi wa Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini. Tarehe 13 Juni 2021, mjini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka benki hiyo ijitayarishe kwa elimu hii mpya, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaleta kodi ya asilimia 3 katika malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Kodi imetangulia ulinzi, jambo ambalo si geni katika historia ya serikali. Atozwaye amekwisha tambuliwa kuwa ana mali. Imebaki kuamuliwa ni mahakama ipi itakayoipokea alama ya hesabu kama shahidi wake.

Na Sirari bado yangoja shauri jingine. Itifaki ya Umoja wa Fedha iliyotiwa sahihi Kampala tarehe 30 Novemba 2013 ilikusudia kwamba nchi za Afrika Mashariki ziwe na sarafu moja ifikapo mwaka 2024. Mwaka huo umepita na shilingi mbili ziko pale pale. Siku itakapotoka sarafu hiyo, hapana shaka patakuwa na daftari la pamoja, na Jumuiya sasa ina nchi wanachama 8. Benki kuu 8 zikishika kila moja nakala yake, wingi wa miamala hautakuwa tatizo, maana mashine 8 zenye nguvu huweza kukubaliana juu ya maelfu yake kwa sekunde. Usalama nao una kanuni yake tangu mwaka 1982, Leslie Lamport na wenzake walipoonyesha kwamba wapatanao kwa kutumiana habari huweza kuwavumilia waongo wasiofika theluthi moja. Wanane huwavumilia wawili. Tena benki hizo zina faida zinazopingana, kama wazee wa pande mbili za mahari, na hilo ni jema. Lakini wote 8 ni wakubwa. Haijaandikwa bado kama mtu wa Sirari ataweza kulifungua daftari hilo akasoma mstari wake kwa Kiswahili, kama ataweza kuupinga, atapinga mbele ya nani, kwa siku ngapi, na kwa ada gani.

Mbadilishaji fedha wa mpakani, ambaye kazi yake itakoma siku hiyo, huzihesabu noti mbele ya mteja, kisha huzirudia. Mteja huzipokea, akasogea pembeni kidogo, akazihesabu mara ya tatu yeye mwenyewe kabla ya kuondoka, na mbadilishaji humngoja amalize.